Mnafundishana Nini? Wosia kwa Wanafunzi wa Uuguzi

Marahaba, wanangu.

Najua mngeniamkia kabla ya lolote, kwa hiyo nimetangulia kuitika. Nastaafu mwaka huu, na kwa desturi ya kazi yetu hakuna anayetoka wodini bila kukabidhi zamu. Funguo, madaftari na vifaa vya maabara ya stadi nimeshavikabidhi kwa maandishi, na aliyepokea ameweka saini. Limebaki neno moja ambalo halina mahali pa kusainiwa. Nawaandikia nyote: wa mwaka wa kwanza mnaotetemeka mkishika kipimajoto, wa mwaka wa tatu mnaojiona mmeshakuwa masista, na mnaojiendeleza, mliokuja chuoni mkiwa tayari na miaka yenu ya kazi katika zahanati na vituo vya afya.

Neno lenyewe ni hili: mnafundishana. Mnafundishana kila siku, mkijua na msipojua, na hicho mnachofundishana ndicho kitakachokuwa uuguzi wa nchi hii sisi tukishaondoka. Kiangalieni.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiingia wodini kwa mara ya kwanza, mkufunzi humpa maelezo, humtembeza kidogo, kisha huenda wodi nyingine kwa sababu na kule ana wanafunzi. Msimamizi wa wodi ana wagonjwa wake, ripoti yake, na daktari anayesubiri raundi. Basi yule mgeni hutazama kushoto na kulia, na anayemwona ni mwenzake wa mwaka wa pili au wa tatu. Huyo ndiye atakayemwonyesha glavu zinakaa wapi, sanduku la usalama la kutupia sindano liko upande gani, sista yupi huulizika na yupi asisogelewe mpaka amalize kugawa dawa. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wodini, ambaye mkufunzi hajamfikia hufunzwa na mwenzake, na mafunzo hayo hayangoji ruhusa ya mtu.

Nitaanza na ubaya wake. Chukueni karatasi za vipimo za wodi yoyote yenye wanafunzi wengi, msome safu ya upumuaji. Si ajabu mkakuta 20, 20, 20, tangu kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Aliyevunjika mguu 20, mwenye nimonia 20, bibi aliyelala usingizi mzito naye 20. Watu hawapumui hivyo. Nani aliwafundisha? Hakuna mkufunzi aliyesimama darasani akasema upumuaji ukisiwe. Darasani mlielezwa kuhesabu dakika nzima, mkitazama kifua na saa yenye mshale wa sekunde, bila kumwambia mgonjwa mnahesabu nini, maana akijua hubadili pumzi zake. Ile 20 mlifundishwa na mwenzenu, kwa nia njema kabisa, asubuhi wagonjwa walipokuwa wengi na msimamizi anazitaka karatasi: "Wewe andika ishirini, hakuna atakayeuliza." Naye alifundishwa na aliyemtangulia.

Pimeni wenyewe hasara yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mgonjwa anapoanza kuzidiwa, iwe kwa maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, kwa mapafu yaliyojaa maji au kwa damu inayovuja ndani, mara nyingi upumuaji hupanda kabla presha haijashuka. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme, kinahitaji dakika 1 ya mtu. Aliyeandika 20 bila kuhesabu huenda amemnyima mgonjwa saa ambazo angeweza kuokolewa. Na aliyemfundisha kufanya hivyo anaendelea kuwanyima wagonjwa hata baada ya kuhitimu na kuhamia mkoa mwingine, kwa mkono wa yule aliyemwachia.

Wapo walimu wanaoona mambo kama haya wakasema dawa yake ni kuwazuia wanafunzi wasifundishane. Sikubaliani nao. Watu wanaofanya kazi bega kwa bega huigana tu, upende usipende. Tena ukiwazuia utapoteza aina ya mwalimu ambayo sisi wazee hatuwezi kuwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakumbuka alipokwama. Mimi nimesahau. Nimeweka kanula muda mrefu mno, hatua zote zimeungana zikawa tendo moja. Ukiniuliza nilijuaje kwamba mshipa uko pale, nitakujibu kwamba niliuhisi tu, na jibu hilo halimfai anayeanza. Patricia Benner, muuguzi na mwanazuoni wa Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1984 alipoeleza safari ya muuguzi kutoka mwanagenzi hadi bingwa. Bingwa, alisema, huiona hali nzima kwa pamoja, hapiti tena kanuni moja baada ya nyingine. Kwa mgonjwa hiyo ni neema. Kwa mwanafunzi anayetaka kujua hatua ya tatu ni ipi, bingwa huyo ni mwalimu mgumu. Aliyejifunza mwaka jana bado anaziona hatua zikiwa zimetengana. Akimtazama mwenzake anayehangaika, hutambua upesi kwamba mshipa hauna tatizo, ila ngozi haikuvutwa ikakaza kabla ya kuchoma. Anajua kwa sababu alikosea hapo hapo.

Tena kwa mwenzako huoni haya kuuliza. Nimewaona wanafunzi wakitikisa kichwa mbele yangu kana kwamba wameelewa, kisha nikawasikia nyuma ya pazia wakiulizana, "Amesema nini pale?" Swali lililoogopa kuja kwangu limejibiwa na rafiki. Kama jibu lilikuwa sahihi, nashukuru. Kama halikuwa sahihi, mimi sikulijua ili nilirekebishe. Hapo ndipo palipo na kazi.

Desturi yenyewe ni ya siku nyingi. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, wanafunzi waliotangulia wamewasomesha wadogo tangu zamani, mwalimu akiwa amekaa mahali pake anasikiliza, na anayekosea akarekebishwa papo hapo. Huko Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, Joseph Lancaster alieneza shule ambamo mwalimu mmoja alisimamia mamia ya watoto, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Shule hizo zilikuja kulaumiwa kwamba zilikaririsha zaidi ya kuelewesha, maana mtoto aliyekariri hana cha kumpa mwenzake zaidi ya kile alichokariri. Kinga yetu ni lile sikio la mwalimu. Mkifundishana, fundishaneni mahali ambapo mwenye kujua zaidi anaweza kuwasikia.

Faida zake zimeonekana hapa hapa nyumbani. Ipo programu ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, iliyotengenezwa na American Academy of Pediatrics pamoja na washirika wake, ambayo ilijaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Wengi wenu mmepitia mafunzo hayo, mnajua yanavyoendeshwa. Mnakaa wawili wawili na mwanasesere, mfuko na barakoa ya kupumulishia. Mmoja ni mkunga, mwingine ndiye mtoto: huamua moyo unapiga au haupigi, analia au halii. Kisha mnabadilishana. Shabaha ni moja, kwamba kabla dakika 1 haijaisha mtoto awe anapumua mwenyewe au anapumulishwa.

Somo zito zaidi lilitoka Haydom, hospitali iliyoko Mbulu, mkoani Manyara. Pale watumishi walipewa mafunzo hayo kwa siku 1. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri sana kwa mwanasesere, lakini leba kwenyewe, kwa watoto wenye damu na nyama, utendaji haukuwa umebadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya palepale kazini: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 kila mwezi. Baada ya hapo vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wanasesere ni wale wale na maelekezo ni yale yale. Kilichoongezeka ni watu wa zamu moja kukutana mara kwa mara, kwa dakika chache, wakafanya pamoja.

Wanangu, hilo mnaweza kulifanya bila bajeti na bila barua ya mkuu wa chuo. Mwanasesere asikae kabatini akisubiri mtihani. Mkifika leba, kabla hamjagawana kazi, wawili wachukue mfuko na barakoa, wahakikishe barakoa inakaa vizuri usoni na hewa haivuji pembeni, wapumulishe wakiangalia kifua kinainuka, wengine wakihesabu kwa sauti pumzi 40 kwa dakika. Dakika 3 zinatosha. Mkunga wa zamu mwombeni awatazame. Mara nyingi atakuja mwenyewe, na naye atajaribu.

Sasa nije kwenye namna ya kufundisha, maana wengi wenu mnadhani kumfundisha mtu ni kumfanyia akiwa anatazama. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hupenda kuonyesha kwamba anajua. Hupima haraka, husema "Umeona?" na mdogo wake hujibu "Nimeona," wakaenda kitanda kingine. Hapo hakuna aliyefundishwa.

Peyton, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliandika mwaka 1998 kuhusu hatua nne ambazo mimi nimezitumia na nimeziona zikifaa. Kwanza fanya mwenyewe kwa mwendo wa kawaida, kimya, mwenzako aone kitu kizima kinafananaje. Pili fanya tena polepole, ukieleza kila hatua na sababu yake. Tatu mwenzako ndiye akuelekeze, na wewe ufanye anachosema tu. Nne afanye mwenyewe akitamka anachofanya. Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayotoa siri zote. Mwambie akuongoze kupima presha, na uwe mtiifu. Asiposema mgonjwa apumzike dakika 5, anza mara moja. Asiposema mgongo uegemee na miguu ikae chini bila kupishana, mwache akae anavyotaka. Asiposema mkono uinuliwe ulingane na moyo, uache ukining'inia. Asipotaja ukubwa wa mkanda, chukua mdogo umfunge mtu mnene. Presha itasoma juu kuliko ilivyo, naye atajua kwa macho yake kwa nini yule mama wa jana aliandikiwa dawa ya presha ambayo pengine hakuihitaji. Bila shaka hilo mlifanye ninyi kwa ninyi, katika maabara ya stadi au chumba cha wauguzi. Msilifanye kwa mgonjwa.

Hatua ya nne ina adabu yake: mikono yako iweke nyuma. Mwenzako akichelewa, mwache achelewe. Jambo la hatari tu ndilo litakaloitoa mikono yako mgongoni. Anayenyang'anywa kifaa kila anaposita hujifunza kwamba yeye hawezi, na somo hilo hukaa kuliko mengine yote.

Kisha mipaka. Wapasuaji wa Marekani wana msemo wa zamani: tazama mmoja, fanya mmoja, fundisha mmoja. Msiuchukue. Mtu aliyefanya jambo mara moja bado hajui ni nini kinaweza kuharibika. Fundisha lile ambalo mkufunzi au muuguzi aliyesajiliwa amekuona ukilifanya na akasaini katika kitabu chako cha stadi. Ambalo halijasainiwa, wewe nawe ni mwanafunzi wake. Kaa na mwenzako mkatafute mwalimu pamoja.

Hata katika yaliyosainiwa, yapo ambayo wanafunzi wawili hawafai kuachiwa peke yao. Damu ya kuongezwa ni mojawapo. Dawa za mshipani ni nyingine. Chukueni magnesiamu salfeti, dawa inayomwokoa mama mwenye kifafa cha mimba. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza ni lazima upumuaji usipungue mara 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, na kalisiamu glukoneti iwe karibu, tayari kwa lolote. Mwaka wa tatu anaweza kumsaidia mwaka wa kwanza kukariri hayo, amwonyeshe nyundo ya kugongea goti inavyoshikwa, amweleze kwa nini mkojo ukipungua dawa hujikusanya mwilini. Kuivuta na kuichoma ni kazi ya kufanya aliyesajiliwa akiwa amesimama pale. Na mmeona jinsi ile 20 ya kukisia inavyorudi? Mama yuleyule mliyemwandikia 20 bila kuhesabu, ndiye ambaye pumzi zake zinaamua kama dozi inayofuata itolewe au isitolewe.

Yupo pia mtu wa tatu ambaye mkinogewa na kufundishana huwa mnamsahau: mgonjwa. Mwili wake umelala pale kwa ajili ya kupona. Kama mtajifunza kwake, mwombeni. "Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, na huyu mwenzangu ananielekeza. Unaturuhusu?" Akikataa, mshukuruni mwondoke, na uso usibadilike. Msizungumze Kiingereza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Msicheke mkikosea, kwa sababu hajui mnacheka nini na atadhani mnamcheka yeye. Kabla hamjakaribia kitanda patanani ishara, neno moja la kawaida ambalo likitamkwa anayefanya husimama. Wengine husema "tupumzike kidogo." Mgonjwa hasikii aibu ya mtu, kosa halitendeki, na mazungumzo yote hufanyika mkitoka.

Leba ndiko ninakowaonea huruma zaidi akina mama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mama asiye na tatizo, uchungu ukishakolea, apimwe njia kila baada ya saa 4, na unaonya juu ya watu kadhaa kumpima mama mmoja kwa wakati mmoja. Sababu yake mnaijua: kila kipimo kinaweza kupeleka maambukizi ndani, mbali na maumivu na fedheha. Sasa hesabuni wenyewe. Akipima mkunga, kisha mwaka wa tatu, kisha mwaka wa tatu amwite mdogo wake "aone sentimita 7 ilivyo," mama mmoja amepimwa na watatu. Huko si kufundishana. Mna miviringo ya mbao na plastiki chuoni yenye matundu ya kila kipimo. Zoezeni vidole hapo mpaka mvichoke. Kwa mama apime mmoja, chini ya mkunga, na aandike.

Nililojiahidi moyoni kulisema ni jinsi mnavyotendeana. Baadhi ya wakubwa mmefanya uongozi wa wodi kuwa utawala. Mdogo hutumwa chai, hutumwa vocha, huachiwa kutandika vitanda vyote, na mwisho wa zamu anaambiwa "ndivyo sisi tulivyofundishwa." Huyo hajafundishwa uuguzi, amefundishwa kuwatesa watakaokuja nyuma yake, na atafaulu somo hilo vizuri mno. Kutandika kitanda cha mgonjwa ni somo kubwa, kama mnatandika pamoja na unamweleza kwa nini shuka lisikunjike chini ya nyonga ya mtu asiyeweza kujigeuza. Mkimtandikisha peke yake huku mkiwa mnachati kwenye simu, ni unyonyaji tu.

Mkimrekebisha mwenzenu, mrekebisheni kwa alichofanya na si kwa alivyo. "Sindano uliirudishia kifuniko, ingeweza kukuchoma, inakwenda moja kwa moja kwenye sanduku la usalama" ni maneno ya mwalimu. "Wewe mzembe" ni maneno ya mtu aliyechoka. Anzeni kwa kumwuliza yeye mwenyewe ameonaje. Mara nyingi ameshajua alipoteleza, na anachokihitaji kwenu ni njia ya kulizuia lisitokee tena.

Na kumbukeni kwamba mwaka wa masomo si umri. Kati ya waliojiunga nanyi mwaka wa kwanza wamo watu wazima waliokuwa wahudumu wa afya kwa muda mrefu, waliowaogesha wagonjwa, waliowageuza, waliowafunga macho waliofariki. Kijana wa mwaka wa tatu anaweza kumweleza dada mkubwa huyo jinsi uzuiaji wa maambukizi unavyofanya kazi, na dada huyo akamfundisha jinsi ya kuzungumza na familia iliyofiwa saa nane usiku. Kila mmoja ampe mwenzake heshima yake. Mwite kaka, mwite dada, kisha mfundishe unachojua, na ufunge mdomo anapokufundisha anachojua yeye.

Tena muwe waangalifu na maarifa yaliyopitwa. Wazee kama mimi tulifundishwa kwamba uchungu wa kukolea huanza njia ikifunguka sentimita 4, na hapo ndipo tulipoanza kujaza partografu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipeleka mstari huo hadi sentimita 5, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu. Aliyefunzwa na mwenzake aliyefunzwa na mwenzake anaweza kubaki na 4 yake mpaka astaafu, na akamharakisha mama ambaye angejifungua salama kwa kungojewa. Kwa hiyo jengeni desturi ya kuulizana swali moja bila uadui: "Hili umelitoa wapi?" Kama jibu ni mwongozo wa wizara, ufungueni pamoja. Kama jibu ni "niliambiwa," basi nalo litafutieni mwongozo kabla ya kulipitisha kwa mwingine. Na anayeulizwa asikasirike. Kusema "sijui, tukaulize" mbele ya mdogo wako ni somo ambalo hakuna mtaala unaoweza kulifundisha vizuri kuliko wewe.

Nina neno na wakufunzi wenzangu pia, nalisema mbele yenu ili lisifichwe. Kufundishana kwa wanafunzi hakujazi nafasi ya mkufunzi aliyekaa ofisini. Nimewahi kuona mahali ambapo orodha ya zamu iliwapanga mwaka wa tatu kuwa "walimu" ili wakubwa wao wapate kupumzika, na chuo kikajisifu kwamba kinafuata mbinu za kisasa. Mwanafunzi anayefundisha anahitaji msaada zaidi ya anayejifunza tu: aandaliwe, aambiwe mipaka yake, atazamwe, na mwisho wa zamu akae na mkufunzi waongee kilichokwenda vizuri na kilichokwama. Mkiona mnaachwa peke yenu, semeni. Kusema si utovu wa nidhamu. Mgonjwa ana muuguzi wake aliyesajiliwa, na mkufunzi ana wanafunzi wake. Dhamana hizo hazihamishwi kwa orodha ya zamu.

Mtapata nini ninyi mnaofundisha? Mtajua kwa kweli kile mlichodhani mnakijua. Atakayeulizwa na mdogo wake kwa nini mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, atalazimika kuwa na sababu, na akiwa nayo hataisahau mtihanini wala kazini. Halafu kuna jambo la mbele zaidi. Wengi wenu mtapangiwa zahanati ambako utakuwa wewe, mhudumu wa afya mmoja, na labda mganga anayekuja na kuondoka. Pale hakuna mkufunzi. Yule mhudumu atafanya utakavyofanya wewe, na akina mama wa kijiji watajifunza kumnyonyesha na kumkanda mtoto kwa maneno yako. Hutapewa cheti cha ualimu, ila utakuwa mwalimu tangu siku utakapofungua mlango. Afadhali uanze kujizoeza sasa, wakati bado kuna wa kukusikiliza na kukusahihisha.

Hii basi ndiyo kazi ninayowaachia. Darasa jipya litaingia wodini muhula ujao. Kila mmoja wa mwaka wa pili na wa tatu amchukue mmoja. Siku ya kwanza msianze na kanula wala mpira wa mkojo, ambavyo najua ndivyo mnavyovitamani. Anzeni na upumuaji. Kaeni wote wawili kando ya kitanda, kila mmoja na saa yake, hesabuni dakika nzima kimya kimya, kila mtu aandike namba yake bila kumwonyesha mwenzake, kisha mlinganishe. Zikitofautiana, hesabuni tena. Zikilingana, ndipo ijazwe karatasi. Na msimamizi akiwauliza kwa nini mmechelewa, mwambieni ni mimi niliyewatuma.

Mungu awape mikono mitulivu na ulimi wenye subira. Awalinde na sindano, na usiku mrefu, na majivuno. Wale mtakaowafundisha wawazidi ninyi, kama ninavyoomba ninyi mnizidi mimi.

Ni mimi mama yenu,
mkufunzi wenu wa kliniki.